Hakuna Aliyegonga

Basi bwana, Arusha inazaa marapa kama inavyozaa parachichi, na wengi wao huiva vibaya wakaozea njiani. Gadiel Nnko hakuoza. Wenzake walirapu magari wasiyonayo na viwanja wasivyonunua. Yeye akarapu kukaa chumbani, kushindwa kula, kutotaka kuamka. Akapaka kucha rangi nyeusi, akachora chozi dogo chini ya jicho la kushoto, akajiita Gadi Ukungu. Vijana kuanzia Sekei hadi Engutoto wakamwelewa kabla hata hajamaliza ubeti. Muziki wa namna hiyo una jina lake, emo, ila wazee wa kwao Tengeru waliuita kilio chenye biti, na hawakukosea sana.

Wimbo uliomtoa ulikuwa "Hakuna Aliyegonga". Ulihusu mwaka aliofariki baba yake. Gadiel alikuwa na miaka ishirini na moja, akajifungia kwenye chumba cha uani kwa siku ishirini na tatu. Mama yake mzazi alishafariki tangu yeye yuko chekechea. Nyumbani alikuwepo mke wa pili wa baba, Elifuraha, mwanamke wa Machame aliyeolewa kwa Wameru na kuuza mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, sokoni Tengeru, pamoja na binti yake Irine. Gadiel alimwita mama mdogo, kama ilivyo desturi. Kwenye wimbo hakumwita hivyo. Kwenye wimbo alisema:

*Siku ishirini na tatu, mlango haujagongwa,*
*Sahani chini kizingitini, kama mbwa ninatengwa,*
*Mama wa kambo, na huruma ya kambo.*

Unatujua mwenyewe sisi na mama wa kambo, hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Watu walilia, wakamlaani mwanamke wasiyemjua, na Gadiel akapata matamasha, akapata tuzo, akapanga nyumba nzuri Sekei. Wote waliisifu biti. Haikuwa na ngoma wala gitaa. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja, kimya kidogo, halafu kitu kinatumbukia majini: kwaru, chubwi; kwaru, chubwi. Gadiel aliwaambia watangazaji kuwa ni maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye bati, aliyoyarekodi kwa simu humo humo chumbani. Hakuwa anadanganya, aliamini hivyo.

Sasa ikawa Jumanne moja ya Oktoba, mchana, wako studio kwa Abdiel. Abdiel ndiye aliyekuwa prodyuza wake na meneja wake pia, Mchaga wa Kibosho mwenye maneno mengi na masikio mazuri kuliko maneno. Walikuwa wanaandaa albamu, na Abdiel alitaka kuisafisha upya ile biti kutoka kwenye rekodi yenyewe. Gadiel akaleta simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kumbe rekodi ilikuwa ya dakika hamsini. Wakati ule wanatengeneza wimbo walikata sekunde kumi tu za mwanzo, wakazizungusha, wakasahau zilizobaki. Gadiel alikumbuka kwamba siku hiyo aliwasha simu arekodi mistari, akapitiwa na usingizi.

Abdiel alisikiliza, akasogeza mbele, akasikiliza tena. Akamgeukia.

"Oya Gadi, hii mvua ilinyesha mwezi gani?"

"Septemba."

"Septemba Tengeru? Septemba Tengeru hata vumbi linaomba maji ya kunywa." Akaongeza sauti. "Mwanangu, mimi nimelelewa kwa mtori. Hii si mvua, hii ni ndizi. Kuna mtu anamenya ndizi, anazitumbukiza kwenye ndoo ya maji zisiwe nyeusi. Sikiliza kisu."

Gadiel alichukua hedifoni. Kwaru, chubwi. Baada ya kuambiwa hakuweza tena kusikia mvua. Wakaiacha iende. Kwenye dakika ya thelathini hivi, sauti ya mwanamke ilianza kuimba kwa pua wimbo wa kanisani, polepole, bila kuacha kumenya. Kisha sauti ya mtoto kutoka mbali: "Mama, baridi. Njoo ndani." Na Elifuraha akajibu, karibu kabisa na simu, nyuma tu ya mbao za mlango:

"Tangulia. Acha nikae kidogo, asije akadhani yuko peke yake."

Kwaru. Chubwi.

Gadiel alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amezunguka nchi nzima akiwaambia watu kwamba hakuna aliyekuja, na ushahidi kwamba mtu alikuja alikuwa anaupiga kwa vipaza sauti vikubwa.

"Tusiiguse," Abdiel alisema. "Wimbo umeshakwenda, umeshapendwa. Watu waliulilia ule mlango. Leo ukawaambie kulikuwa na mtu nje? Huo wimbo ndio unga wako, Gadi."

"Ni unga wake," Gadiel alisema. "Mimi nilikula tu."

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Akavaa kofia ya kufunika uso, akashuka Tengeru. Soko lilikuwa limejaa hadi barabarani, karoti kwa malundo, kabichi, mitumba, na mlima umejifunika wingu mpaka mabegani. Alikwenda moja kwa moja penye mabanda ya chakula, pale mama mdogo alipokuwa akiinjika sufuria yake kubwa. Akakuta kijana anauza vifuniko vya simu. Jirani wa pale, Agnela, muuza maharage, alimtambua licha ya kofia.

"Shikamoo mama," Gadiel alisema.

"Marahaba. Umefuata wimbo mwingine?"

Agnela alimpimia mteja maharage yake, akamrudishia chenji, akamgeukia akiwa amejishika kiuno.

"Mtori wa Elifuraha ulikuwa unakwisha saa tatu asubuhi. Ukichelewa, utakunywa supu ya watu wengine. Ulipotoka wimbo wako, vijana wakawa wanakuja kumpiga picha. Mmoja akamwekea sahani chini miguuni, wakacheka. Watu wakaacha kunywa mtori wake. Na mimi nimo, nisikufiche. Nilisema mtoto hawezi kumsingizia mzazi mbele ya nchi nzima, lazima kuna jambo. Haikupita miezi mitatu akabeba masufuria yake akaenda nyumbani."

"Hakuniambia."

"Akuambie wewe? Akuambie ili iweje, uimbe tena?" Agnela akapunguza sauti. "Mwaka jana alipotoa shukrani, alikwenda mbele na Irine peke yake. Kanisa zima tumekaa kwenye mabenchi kama tumegundishwa. Na Jumapili hii anakwenda tena, mbishi yule."

Gadiel aliujua uzito wa maneno hayo, maana amekulia kwenye usharika huo. Mtu akipona, akifaulu, akiponea ajali, huandika sababu kwenye karatasi, mzee wa kanisa anaisoma, naye anatoka kwenda madhabahuni na sadaka yake. Haendi peke yake. Kwaya inaimba, na ndugu, jirani, mwenzake wa sokoni, wote wanainuka kwenye mabenchi kumsindikiza. Ukitaka kujua mtu anapendwa kiasi gani Tengeru, usimuulize. Msubiri siku ya shukrani yake.

"Anashukuru nini?" aliuliza.

"Utasikia mwenyewe, kama masikio yako yanasikia vya watu wengine."

Akapanda njia ya nyumbani kwa miguu, katikati ya migomba na mibuni. Irine alikuwa getini, amekua, ana miaka kumi na saba na kiburi cha thelathini. Alimwangalia kaka yake kuanzia kofia hadi viatu, akaita bila kugeuka: "Mama, mgeni wa redioni amekuja."

Elifuraha alikuwa uani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, mkungu wa ndizi mbele yake. Nyuma yake ulikuwa ule mlango wa mbao.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umekonda. Irine, mletee kaka yako kiti."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Gadiel alikaa, akakubali chai, akanywa nusu, ndipo akasema yote bila mpangilio: simu, rekodi, ndizi, sokoni, sahani. Alisema nisamehe mara tatu au nne. Elifuraha aliendelea kumenya mpaka Gadiel alipomaliza.

"Wimbo wako niliusikia," alisema. "Ulisema hakuna aliyegonga. Hapo hukudanganya. Sikugonga."

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Msibani nani anapiga hodi? Alipofariki baba yako, ulimwona nani akisimama getini kubisha hodi? Watu waliingia wakakaa. Wengine hawakusema neno mpaka wakaondoka, na tuliwashukuru. Sasa sisi tulianua matanga, tukafagia uwanja, tukarudi kazini. Wewe hukuanua. Uliubeba msiba wako ukaingia nao humo ndani ukafunga. Nikasema haya, kama msiba uko huku, mimi nakaa huku."

"Na sahani?"

"Ningeiweka wapi, juu ya bati?" Irine alicheka bila kutaka. Elifuraha hakucheka. "Ilikuwa ndani ya hotipoti, na hotipoti nimeifunga kwa kitenge isipoe. Hilo hukulisema. Lile neno la mbwa liliniuma, Gadi, sitakuficha. Nililisikia nikiwa na wateja mbele yangu. Liliniuma mno."

Gadiel alilia. Aliwahi kulia mbele ya maelfu ya watu, akilia kwa mizani na vina, lakini pale uani alilia ovyo, makamasi yanatoka, hana hata kitambaa. Irine akamtupia taulo la vyombo. Mama mdogo alimwacha alie, akamenya ndizi nyingine mbili.

"Jumapili nitakuja," Gadiel alisema alipoweza kusema.

"Njoo au usije, mimi nitakwenda. Ila kama unakuja, usije kunionea huruma."

Alipokuwa anatoka, Irine alimfuata hadi getini. "Mwaka jana alisimama pale mbele, bahasha ikamdondoka," alisema. "Mimi ndiye niliyeiokota. Ukisema unakuja halafu usije, namba yangu ifute."

Alikuja. Alivaa shati jeupe, akafuta rangi ya kucha, ila chozi la chini ya jicho halikufutika, ni la wino wa sindano. Alikaa benchi la tatu kati ya mama mdogo na Irine, na alisikia kanisa zima linampitishia macho mgongoni. Alikuwa amesimama majukwaani bila hofu, lakini siku hiyo aliogopa, kwa sababu kilichokuwa hatarini hakikuwa chake. Kama watu wangekaa tena, mama mdogo angerudi nyumbani na jina lile lile alilopewa kwenye wimbo, na asingekuwa na ujasiri wa kwenda mbele mwaka mwingine.

Mzee Aminiel, mzee wa kanisa, alipanda na karatasi zake. Akasoma ya mtu aliyefaulu mtihani wa uuguzi. Watu wakainuka wengi. Akasoma ya bwana aliyetoka hospitalini; wakainuka. Kisha akarekebisha miwani.

"Elifuraha Nnko, mama Irine. Anamshukuru Mungu kwa kuwa mtoto wake Gadiel alifungua mlango. Ni mwaka wa nne sasa."

Gadiel alimgeukia. Mama mdogo alikuwa anatazama mbele. Mwaka wa nne, maana yake kila Oktoba, tangu asubuhi ile Gadiel alipotoka chumbani mwenyewe akaenda bombani kunawa uso. Hata mwaka jana, wimbo ukiwa unapigwa kila kona na watu wanamcheka, alikuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya aliyemwimba. Na kanisa lilidhani anajisafisha.

Kwaya ikaanza. Elifuraha akainuka, Irine akainuka, Gadiel akainuka. Wakatembea watatu katikati ya kanisa, na nyuma yao hapakusikika benchi hata moja likilia. Kwaya ikamaliza ubeti wa kwanza, ikaingia wa pili. Bahasha ikaanza kumteleza mama mdogo mkononi. Gadiel akamshika kiwiko, kisha akamfuata mzee Aminiel akaomba kipaza sauti.

"Hapa hatupigi hayo mambo yenu," mzee alinong'ona.

"Wala sitaki kuyapiga, mzee wangu. Nina neno moja tu la kusema."

Mchungaji aliitikia kwa kichwa. Kwaya ikanyamaza.

"Mimi ni Gadiel," alisema. "Mnanijua kwa wimbo mmoja. Nilisema hakuna aliyekuja mlangoni kwangu. Nilikosea. Nilikuwa na hali mbaya, zilikuwepo siku ambazo sikutaka kesho ifike, na niliamini nilichosema, lakini nilikosea. Simu yangu ilikuwa na akili kuliko mimi. Naomba msikilize."

Akaiweka ile simu yenye kioo kilichopasuka mbele ya kipaza sauti. Kwaru, chubwi. Vijana walitambua biti, wakaanza kutazamana. Akina mama walitambua kitu kingine. Kuna wanawake pale waliomenya ndizi na Elifuraha kwenye harusi na misiba miaka kumi na tano, wanaujua mkono wake, unavyokwenda haraka mara mbili na kupumzika mara moja. Halafu ukaja ule wimbo wa puani. Halafu sauti ya mtoto. Halafu, Elifuraha mwenyewe: "Acha nikae kidogo, asije akadhani yuko peke yake."

Agnela ndiye aliyeinuka kwanza. Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akatoka kwenye benchi, akaja mbele bila kumtazama mtu. Akafuata muuza dagaa. Wakafuata wawili, wakafuata benchi zima la akina mama wa soko, kisha wanaume, kisha wale vijana waliojua wimbo kwa kichwa, wengine machozi yanawatoka. Walikuwa wengi hata kwaya ikalazimika kuurudia wimbo tangu mwanzo, na mzee Aminiel akashuka naye akasimama nao. Elifuraha alitoa bahasha yake kwa mikono miwili. Haikudondoka.

"Jumatano usichelewe sokoni," Agnela alimwambia walipokuwa wanarudi. "Nina njaa ya mwaka mzima."

"Kunywa mtori, nyama ziko chini," Elifuraha alimjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Alasiri, wageni walipoondoka na vyombo vikaoshwa, Gadiel aliingia kwenye chumba chake cha zamani. Kitanda kilikuwa pale pale, kimetandikwa. Akaketi na daftari. Simu ya Abdiel ilikuwa imeingia mara sita. Kuna kijana alirekodi ibada, imeshasambaa mji mzima, na Abdiel, ambaye Jumanne alisema tusiiguse, sasa alikuwa anaandika kwamba yeye ndiye aliyegundua ndizi. Gadiel akacheka. Hakumnyima, maana ni kweli.

Kabla ya hapo, wakiwa wanakausha sahani, alikuwa amemwambia mama mdogo kwamba ataufuta ule wimbo kabisa, usipigwe tena popote.

"Usiufute," Elifuraha alisema. "Neno la mbwa litoe. Ila wapo wengine bado wamejifungia, na wimbo wako wanausikiliza humo humo ndani. Ukiufuta utawaacha na nani? Waongezee tu. Waambie wachungulie nje."

Basi alikuwa anaongeza. Aliandika ubeti wa tatu bila haraka, na kila mstari ulitoka ukiwa ni asante, kitu ambacho hakuwahi kukiandika tangu aanze kurapu. Asante kwa hotipoti. Asante kwa kitenge. Asante kwa mkono uliomenya ndizi nami nikauita mvua. Pembeni, mahali pa kuandika jina la mtengeneza biti, alilikata la kwake, akaandika Elifuraha Nnko.

Mlango ulikuwa wazi kabisa, pazia limefungwa fundo pembeni, na jua linaingia hadi miguuni pa kitanda. Elifuraha alikuja na kikombe cha chai. Alimwona Gadiel, na Gadiel alimwona. Hata hivyo alisimama kizingitini, akakunja kidole chenye utomvu wa ndizi, akagonga mbao mara tatu.

"Hodi," alisema.

Gadiel aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Alikumbuka alivyoambiwa Jumatano, kwamba msibani hakuna anayepiga hodi.

"Karibu, mama," alisema, akasogea kumpisha nafasi kitandani.